Mkaja wa Dada Zubeda

Jumatano, 18 Machi 2015. Malaz, Riyadh

Ngazi tena. Lifti ya jengo letu bado mbovu. Fundi mzima wa lifti, miaka yote hii napandisha watu ghorofani, nakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo ambalo lifti yake haijui kupanda. Mwenye nyumba ukimuuliza anasema bukra. Bukra yake haijawahi kuwa kesho.

Nimepanda mwenyewe. Nikapumzika ya kwanza, nikapumzika ya pili, ya tatu nimeingia nimeshika ukuta. Njoroge, mwenzangu wa chumba, nyuma yangu, kabeba dawa zangu, mikono kaitanua kama golikipa. Sikuanguka.

Nina furaha. Naiandika niione kwa macho. Wiki mbili zilizopita nilikuwa mezani, tumbo wazi. Kipande cha utumbo mpana kimekatwa pamoja na uvimbe wake. Utumbo umeungwa. Mshono umeshika. Nilipojamba kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji, manesi wakanipongeza kana kwamba nimefunga bao. Umri wangu wote sijapata kusifiwa kwa kitu hicho.

Saratani. Nimeiandika. Sasa tuendelee.

Uvimbe umetoka wote, lakini matezi ya jirani baadhi yalishaguswa. Kwa hiyo ipo kemo, ile dripu ya dawa ya saratani pamoja na vidonge vyake. Itaanza mwisho wa Aprili. Daktari wangu, mama wa Kisudani, sauti ya upole na macho makali, kasema kemo ndiyo itakayofagia kilichobaki. Kasema tembea, kula, nenda kapate nguvu.

Nitapata. Nina miaka hamsini na moja na mke wangu Mwanaidi yuko Tanga ananingoja. Nataka kuishi. Basi.

Ijumaa, 20 Machi

Kafili, mwajiri wangu, kanipa ruhusa mpaka nipone. Mtu mwema, sina neno naye.

Dada Zubeda kapiga simu kutoka Jeddah. Hakuuliza, kaamuru. Nije kwake Ruwais, huku nani atanipikia, Njoroge? Njoroge kasikia, kacheka. Dereva, Mkenya wa Nyeri, nakaa naye chumba kimoja tangu tulipoletwa nchi hii, wote mwaka uleule. Anajua kupika githeri, kande ya kwao. Kesho yake anajua kupika githeri.

Kesho napanda ndege.

Jumamosi, 21 Machi. Ruwais, Jeddah

Nimefika salama. Dada kafungua mlango, kanitazama mashavu, kalia. Kisha kafuta machozi kwa ncha ya mtandio, kaingia jikoni. Sijamwona tena mpaka sinia lilipokuja.

Jumatatu, 23 Machi

Kuishi kwingi kuona mengi. Leo nimefungwa mkaja.

Dada yangu huyu, kwetu Tanga, alikuwa mkandaji wa wazazi. Mwanamke akijifungua mtaani, kwanza mkunga, kisha Zubeda. Mzazi anawekwa ndani arobaini. Hainui ndoo, hashiki mchi. Anakunywa uji wa pilipili manga, anakula kuku wake, na tumbo linakazwa kwa kanga. Sasa Dada kanitazama mimi, kaona tumbo limefunguliwa na kitu kimetolewa. Kwa ilmu aliyonayo, huyu ni mzazi. Mwanamume wa ndevu.

Nilibisha kidogo. Mgonjwa haulizwi uji, kasema, na bakuli likawa limeshafika mdomoni. Mshono hakuugusa hata kidogo, kauzungukia kwa adabu. Lakini kanga imekazwa, fundo ubavuni, na arobaini yangu imeanza rasmi.

Shemeji Faki, mume wake, kapita sebuleni anatazama ukutani asicheke. Mimi nimecheka mpaka mshono ukaniuma. Nina raha, sijui nifanyeje.

Jumanne, 31 Machi

Asubuhi bokoboko la ngano na nyama, samli inaelea juu. Mchana wali wa nazi na kuku. Alasiri halua na kahawa. Jioni maziwa, na uji ule ule. Mwili haujengwi kwa matofali, Dada anasema kila akileta sahani. Natembea kutoka kitandani mpaka kwenye kochi. Dada anasema inatosha.

Leo nimeinama niokote katoni ya maji iliyokuwa chini ya meza ya jikoni. Sijaigusa, nimepigwa kofi la mkono. Mzazi habebi. Katoni kaibeba yeye, na ana miaka sitini.

Nimempigia Njoroge nikamsimulia mkaja. Kauliza kwa upole mtoto ni wa kike au wa kiume. Tangu sasa ananiita Mama Mzazi. Mpumbavu yule. Namkumbuka.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku kubwa. Baada ya swala ya alasiri Shemeji kanipeleka Sharafiya kwa gari, kwenye duka la dawa lenye mizani. Nimepanda. Nimerudisha kilo zangu zote nilizopoteza, na nyingine juu. Nikashuka nikapanda tena. Ni kweli. Mhindi wa duka kanipa mkono.

Suruali haifungi. Mashavu yamejaa. Nimepiga picha, nimemtumia Mwanaidi. Kajibu kwa sauti, kapiga na kigelegele. Umenawiri mume wangu, umenenepa, umekuwa kama siku ya harusi. Nimesikiliza sauti ile mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Dada kajishika kiuno katikati ya jiko, kichwa juu. Ana haki. Mama alikwenda amekonda kama ng'onda. Tumbo vilevile, wakati ule hakuna aliyejua jina lake. Zubeda ndiye aliyemlisha mpaka mwisho na kila siku kijiko kilirudi kimejaa. Leo kijiko chake kinarudi kitupu. Namwona anavyokitazama.

Nimeishinda. Naandika hivyo. Nimeishinda saratani kwa bokoboko.

Jumamosi, 18 Aprili

Kopo la achari limenishinda kufungua. Limefunguliwa na Shemeji.

Pia kusimama kutoka kwenye mkeka. Nimeshika meza, nikashika na goti. Dada anasema arobaini bado haijaisha mwilini, nguvu zitakuja zenyewe, nyama kwanza.

Sawa. Keshokutwa narudi Riyadh, natamani Daktari anione. Atashangaa.

Jumanne, 21 Aprili. Malaz

Ameshangaa.

Naandika taratibu, sijui ni hasira au hofu.

Daktari kanisimamisha peku kwenye mashine. Si mizani ya kawaida. Unashika vipini viwili, umeme mdogo usiousikia unapita mwilini, kisha inakwambia mwilini mwako maji ni kiasi gani, mafuta kiasi gani, misuli kiasi gani. Halafu kanipa kifaa cha chuma nikibane kwa kiganja. Nikabana. Kasema bana. Nikamwambia nimebana. Kanitazama.

Kisha picha. Ile mashine inayopiga mwili ndani vipande vipande. Moja ya kabla ya upasuaji, moja ya asubuhi ya leo. Usawa wa kiuno. Kanionyesha kwa kalamu nyama za mgongo wangu. Ya zamani nene, imejaa. Ya leo imesinyaa, na mafuta yamepenya ndani yake kama nyama ya nundu. Nimetazama nyama yangu mwenyewe kama mtu yuko buchani.

Nikabisha. Nikamwambia mimi nimenenepa, kila mtu anasema. Kasema ndiyo, umenenepa. Umeongeza mafuta, umepoteza misuli. Ulichopoteza ndicho nilichokihitaji.

Na hapa ndipo penyewe. Kemo hupimwa kwa urefu na uzito. Kwenye mizani mimi ni mtu mkubwa. Ndani nimekuwa mtu mdogo. Akinipa dawa ya yule mkubwa, huyu mdogo haiwezi, itamwangusha na kemo itasimama njiani. Kwa hiyo Jumanne ijayo ataanza na dawa pungufu. Hapendi. Dawa pungufu inafagia pungufu. Kasema wagonjwa wenye misuli aghalabu ndio wanaomaliza kemo, na aghalabu ndio anaoendelea kuwaona miaka inayofuata. Hakuapa. Kasema aghalabu.

Atanipima tena siku ya dripu ya nne. Misuli ikipanda, dawa inapanda. Isipopanda, tunaendelea hivi hivi na Mungu.

Kapate nguvu, alisema Machi. Sisi tukaenda kutafuta mashavu.

Jumatano, 22 Aprili

Nimempigia Dada. Nimesema maneno. Nimemwambia amenilisha kama kondoo wa Idi, sasa nangojea kisu.

Nilisikia sufuria upande wa pili, kisha simu ikakatwa.

Nimejisikia vibaya papo hapo. Lakini hasira haijaisha. Zote mbili ziko kifuani, hazigombani hata.

Alhamisi, 23 Aprili

Njoroge hakunipa pole. Kasikiliza yote, kala githeri yake mpaka chini ya sahani, kisha kasema: "Fundi, hii sasa si ugonjwa. Hii ni kazi. Na kazi tunaijua."

Neno hilo limenifurahisha kuliko dawa. Kweli. Kazi naijua.

Daktari kanipa maagizo na mazoezi. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila mikono. Kupanda ngazi. Kubeba, kidogo kidogo, tumbo likikaza vibaya niache. Kula mayai, samaki, kuku bila ngozi, dengu, maziwa mgando ya laban. Samli basi. Halua basi. Githeri kidogo tu, kwa ajili ya utumbo. Njoroge kaona hapo pana dharau.

Tumetafuta kitu cha kubeba. Njoroge kajaza maji kwenye madumu mawili, hayana vishikio vya maana. Kachukua kanga ya mkaja kutoka begini mwangu, kafunga dumu ncha hii na dumu ncha ile, kanivisha mabegani. Nikasema hiyo ya Dada. Kasema basi ifanye kazi.

Nimekaa kwenye kiti. Nimeshindwa kusimama bila mikono. Hata mara moja.

Jumanne, 28 Aprili

Dripu ya kwanza. Pungufu.

Mgonjwa wa pembeni, mzee wa Kiyemeni, kalala tu. Mimi nilikuwa nakanyaga kanyaga miguu chini ya blanketi. Nesi kaniuliza unakwenda wapi. Nikamwambia Tanga.

Jumapili, 3 Mei

Kioja cha dawa hii ni baridi. Nimeshika mlango wa friji, vidole vikachoma kama nimeshika waya wenye umeme. Na waya wenye umeme mimi naujua. Maji baridi yanakwangua koo. Riyadh inaungua nje na mimi nakunywa maji ya uvuguvugu kama mtoto mwenye mafua. Njoroge kaninunulia glavu za sufu. Muuzaji kamwuliza mara mbili kama kweli anataka sufu kwenye joto hili.

Dada kimya. Nimemtumia salamu. Kasoma, hajajibu.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesimama.

Kiti kile kile. Mikono kifuani. Nilihesabu mpaka tatu moyoni na mapaja yakatetemeka na tako likaachana na kiti na nikasimama wima katikati ya chumba. Njoroge alikuwa ananyoa ndevu. Katoka bafuni na povu upande mmoja, kanikumbatia, nikapata povu sikioni. "Mama Mzazi kainuka!" kapiga kelele mpaka jirani wa Kipakistani kagonga ukuta.

Nimejaribu tena. Nikasimama tena.

Nimefurahi mpaka basi. Siku nilipofunga lifti yangu ya kwanza, peke yangu, ikapanda, sikufurahi hivi.

Jumamosi, 30 Mei

Wiki mbaya. Dripu ya pili imenipiga. Kichefuchefu, midomo ina vidonda, chakula kina ladha ya msumari. Yai nalimeza kama dawa. Siku mbili sikutoka kitandani, nikawa nahisi misuli inaondoka mmoja mmoja kama wapangaji.

Leo nimepanda ngazi. Polepole. Kwa chuki.

Lifti, kwa habari, ningeweza kuitengeneza mwenyewe. Nimeifungua nikaona, ni kifaa kimoja tu kimekufa. Nimeifunga nikanyamaza. Naihitaji ikiwa mbovu. Njoroge akijua ataniua kabla ya saratani.

Alhamisi, 18 Juni

Ramadhani imeingia. Sifungi. Daktari, Mwislamu kama mimi, kanikataza kabla sijauliza. Kasema Mungu wako anakujua. Bado nimeona haya kula yai mchana, nimefunga pazia. Njoroge Mkristo anajificha kula kwa sababu yuko nchi ya watu, mimi Mwislamu najificha naye. Tumekaa wawili nyuma ya pazia na sufuria ya dengu kama wezi. Tukacheka.

Mwezi ulioandama jana nimeuona kupitia dirishani. Mwaka jana uliandama nikapita tu, sikujua kwamba miezi inahesabiwa.

Ijumaa, 26 Juni

Nimefanya kosa. Nimemtumia Mwanaidi picha.

Mimi nilikuwa nataka aone mkono. Nimeukunja, pana kitu pale, si kingi, lakini kipo. Yeye kaona mashavu. Kapiga simu analia. Mbona umekwisha? Mbona mifupa? Wanakuficha nini? Na picha kaituma kwa Dada Zubeda.

Nikamweleza. Misuli, mafuta, mashine. Kasema ndiyo mume wangu, ndiyo, kwa sauti ile ya kumkubalia mgonjwa.

Baada ya simu nimekwenda kwenye kioo. Sijaenda muda mrefu. Mashavu yameingia kweli. Nimemwona Mama. Macho yale yale, taya lile lile.

Je, kama ni misuli inayokwisha? Kama najidanganya na madumu yangu, na Njoroge ananipigia makofi kwa huruma? Jumanne ndiyo dripu ya nne. Jumanne ndiyo mashine. Naogopa. Sikuogopa hivi siku ya kisu, siku ile walinilaza tu.

Jumapili, 28 Juni

Dada kaja. Hakusema anakuja. Simu imelia adhuhuri: niko chini, jengo gani?

Nimeshuka mbio. Kashuka basi la kutoka Jeddah na swaumu yake, na kapu kubwa la sufuria na mitungi ya samli. Kanitazama. Hakulia safari hii. Uso ulikufa. Uso ule niliuona mara moja tu, siku ya mwisho ya Mama.

Nikachukua kapu.

Kasema weka chini. Nikaanza kupanda. Kasema Athumani, weka chini, mshono utafumuka, nitamwambia nini mkeo. Ghorofa ya kwanza sikusimama. Nyuma yangu nasikia dua na viatu. Ya pili sikusimama. Mapaja yanawaka, moyo unapiga, mwili wote unafanya kazi, na nikajikuta natabasamu peke yangu kwenye ngazi kama mwendawazimu. Ya tatu nikaliweka kapu chini mlangoni, taratibu, hakuna mtungi uliogongana.

Kafika juu anahema. Kafika na kuona kanga yake sakafuni, imefunga madumu.

Nilidhani atagomba. Aliketi kitini. Kisha kaniita nikae mbele yake, chini, kama alivyokuwa akiniweka nikiwa mdogo kunichana nywele. Kaniwekea mikono mabegani. Kakanda. Bega, mkono, akashuka mgongoni, akasimama pale kiunoni ambapo Daktari alionyesha kwa kalamu. Mikono ya Dada haisemi uongo, imekanda mji mzima.

Akarudia kukanda pale pale.

"Hapa pana kitu," kasema. "Aprili hapakuwa na kitu. Nilijua. Nikasema samli itafika."

Mimi nikamwambia lile neno la kondoo sikulimaanisha. Kasema ulilimaanisha. Kasema tusile maneno mchana wa Ramadhani. Kisha kaingia jikoni, kaniuliza mayai yako wapi.

Jumanne, 30 Juni

Siku ya mashine. Dada kakataa kubaki nyumbani. Njoroge kaomba ruhusa kwa bosi wake kwa uongo ambao sitauandika hapa, katupeleka.

Kwanza kifaa cha kubana. Nimebana. Daktari kaangalia, kaandika. Nikabana mkono wa pili. Kaandika. Dada kauliza ile ni nini. Daktari akamwelewa bila tafsiri, kampa. Dada kakibana, na mshale wa kipimo ukavuka alama yangu. Mwanamke wa miaka sitini, amefunga, kanipita mimi. Daktari kacheka, mara ya kwanza namwona akicheka. Dada kakirudisha kifaa kama mtu anayerudisha sinia tupu.

Kisha mashine. Nimesimama peku. Nimeshika vipini. Nimefumba macho.

Mafuta yameshuka. Uzito umeshuka. Misuli imepanda.

Imepanda. Si sana, kasema, lakini imepanda katikati ya kemo, na wengi hapo wanashuka. Kanionyesha mstari kwa kalamu ile ile. Nilitaka kumbusu kichwani, nikakumbuka niko nchi gani.

Dawa inakuwa kamili kuanzia leo. Nimeomba arudie. Kamili.

Nikamwuliza basi, nitapona? Hakuahidi. Kasema saratani haiandiki mkataba na mtu. Kasema kuanzia leo anaipiga kwa mkono mzima, na mimi nina mwili wa kusimama wakati anaipiga. Dada kauliza kasema nini. Nikamtafsiria. Kafikiri, kisha kasema mwambie kidogo cha samli hakimdhuru mtu. Sikumtafsiria.

Dripu imeingia. Kali. Nimetapika kwenye gari la bosi wa Njoroge na bado nilikuwa nacheka, na Njoroge kasema furaha yangu hii itamfukuzisha kazi. Kafungua madirisha yote, hewa ya moto ikaingia, tukaenda hivyo mpaka Malaz.

Alhamisi, 2 Julai

Dada kaondoka asubuhi. Kanga kaiacha kwenye madumu. Kaifunga upya, fundo lake, la mkaja. Lile la Njoroge lilikuwa linateleza.

Nimetengeneza lifti. Dada aliomba kabla ya kuondoka, kwa ajili ya magoti yake akirudi. Imechukua chini ya saa nzima. Njoroge kasimama mbele ya mlango ulio wazi, kaitazama lifti, kanitazama mimi. Kaelewa. Siku nzima hajaniita Mama Mzazi.

Mimi nimepanda kwa ngazi.

Jumapili, 19 Julai. Ruwais

Idi imepita salama. Daktari kaniruhusu siku chache kabla ya dripu ya tano. Vidole bado vina ganzi, nywele zimepungua kidogo. Nalala vizuri.

Wageni wa Idi waliokuja walinitazama kwa huruma. Pole, umepungua. Dada aliwajibu mwenyewe kila mmoja: hajapungua, amekaza. Wakaondoka hawajaamini. Mwanaidi naye sasa haombi picha ya uso, anaomba nimwonyeshe nikisimama kwenye kiti.

Leo mchana nyumba haikuwa na wageni. Shemeji Faki anasoma gazeti, mimi nimekaa kwenye kochi, Dada jikoni anakaanga samaki. Mafuta kidogo.

Kasema, hajageuka, macho kwenye kikaango: "Athumani, maji yamekwisha. Shuka bakala, lete katoni."

Shemeji kainua kichwa kutoka kwenye gazeti.

Nikavaa viatu. Nikashuka mpaka duka la bakala. Nikaibeba katoni kifuani, jua kali, njia fupi, nikaipandisha, nikaiweka pale pale chini ya meza ya jikoni.

Hakushukuru. Kasema nimesahau vitunguu, rudi.

Nikarudi.